Aliyeonja Kwanza

Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu na tangawizi kavu zikitwangwa pamoja, hugeuka nione ni nani anayetwanga. Wajukuu wangu hapa Bariadi hununua viungo vya chai vya pakiti, wanamwaga kijiko kwenye birika, kisha wananiita, "Bibi, njoo unywe chai." Naenda. Ila kabla sijapeleka kikombe mdomoni, humtazama kwanza usoni yule aliyemimina. Wananicheka. "Bibi, una nini wewe? Unadhani tutakutilia nini?" Basi kaeni niwaambie nina nini, maana jambo hili nimelibeba miaka mingi, na magoti yenyewe sasa hayataki mzigo.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishiwa vijijini, nasi tulikaa kijiji kipya, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Bariadi mjini. Nyumba zilipangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride, jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani kwako. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana duka la kijiji, kwa orodha, siku vikija. Visipokuja mlikaa hivyo hivyo.

Baba yangu alikuwa Msukuma wa Bukundi. Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge. Aliondoka akiitwa Masanja, akarudi akiitwa Ramadhani, na mke ameongozana naye. Mke huyo ndiye mama yangu, mtu wa Muheza, mwembamba, mwenye sauti ya chini na kanga zilizonukia udi. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetembea kwa ajili yake. Kwa Wasukuma hilo si jambo dogo, na aliyelikumbuka kila siku alikuwa bibi yangu Minza, mama yake baba.

Bibi Minza aliletwa kwetu toka Bukundi kwa lori, yeye na vibuyu vyake, kigoda chake na ng'ombe wawili waliobaki. Lori lile hakulisamehe mpaka anaingia kaburini. "Walinipakia kama gunia la pamba," alikuwa akisema, "na gunia la pamba afadhali, hulifunika lisinyeshewe." Bibi hakumwita mama yangu kwa jina. Alimwita wa Pwani. Mama akiwa amechuchumaa palepale jikoni, Bibi aliniuliza mimi, "Kabula, wa Pwani amepika?" Nami nilimgeukia mama na kumwuliza, mama akanijibu, nikampelekea Bibi jibu hatua tatu. Nilikuwa posta ya nyumba ile.

Kitu kimoja tu ndicho kilichompa mama raha kijijini pale, nacho kilikuwa kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, kutu imelila pembeni, na ndani yake aliweka viungo vyake vya chai. Mjomba wangu alimtumia vifurushi kutoka Muheza kwa madereva wa magari yaliyokuja kubeba pamba: karafuu, iliki, pilipili manga, tangawizi iliyokaushwa, na mdalasini uliojikunja kama mtu aliyelala kwenye baridi. Mama alivianika kwenye ungo, akavichagua kimoja kimoja, akatwanga kwa kinu kidogo kilichochongwa kwa gogo la mkwaju, akachekecha kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Pilipili manga aliihesabu punje kwa punje. Ukimharakisha alisema, "Chai haina haraka. Mwenye haraka anywe maji." Akifungua kopo lile, mtaa mzima ulijua, na wageni waliongezeka pasipo kualikwa.

Na hapo ndipo balaa lilipoingia.

Jumatano moja baba hayupo, Mzee Ng'wandu, jirani wa nyumba ya tatu, alipita kusalimia. "Mwadila," akasema, mama akaitika kwa Kisukuma chake cha kuvunjikavunjika, akamkaribisha kiti, akamtengea chai ya viungo. Akampa kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Lakini hakuonja. Kwetu huku mwenyeji humwandalia mgeni kinywaji, akapiga funda moja yeye kwanza mbele ya macho yake, ndipo ampe. Anaondoa shaka. Anamwambia pasipo maneno kwamba sijakutegea kitu, tukifa tutakufa wote. Kwao mama, kunywa kwenye kikombe cha mgeni ni kumpa makombo, ni matusi hasa. Mama alishaambiwa habari ya desturi ile, akaipuuza kwa aibu tu, mkono wake ulikataa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilimwona Mzee Ng'wandu akikitazama kikombe, akamtazama mama, akasita. Kisha heshima ikamzidi nguvu, akanywa. Akanywa na cha pili.

Jioni ile alianguka nyumbani kwake, akatapika, mwili ukamwaka moto. Kesho yake hakuamka, kesho kutwa hakuamka. Na lisemwalo lipo, wakasema watu, kama halipo laja. Amempa nini yule mwanamke? Unga gani ule mwekundu? Mbona hakuonja? Mkewe Mzee Ng'wandu, Mama Holo, ambaye alishakunywa chai ya mama mara nyingi na kuomba nyingine, sasa alipita mbele ya mlango wetu akitema mate. Watoto waliacha kucheza na mimi. Neno nogi, yaani mchawi, lilianza kusemwa mtoni, kisha lamboni, kisha likafika kwetu kwa mdomo wa mtoto wa miaka minne ambaye hakujua hata maana yake.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Sayi, aliitisha kikao. Uamuzi ukaja kwetu Jumamosi usiku kwa mdomo wa baba mwenyewe, kichwa amekiinamisha. Kesho alasiri mama atapika chai ile ile, kwa unga ule ule, hadharani uani kwetu. Atakunywa yeye kwanza kikombe kizima mbele ya watu, na watu watakaa wamtazame mpaka jua lizame. Akikataa, au chai ikiwa siyo ile, afungashe arudi kwao.

"Na Kabula?" mama akauliza.

"Mtoto ni wa ukoo," baba akasema.

Baba yangu alikuwa mpole, mpole mpaka unamkasirikia. Mama hakulia. Alininyoosha mgongo wa gauni kwa kiganja, akaendelea kuninyoosha muda mrefu, na gauni halikuwa na kunyanzi. Nilielewa vizuri kabisa. Kesho kutwa ningeweza kuamka sina mama.

Asubuhi ya Jumapili alishusha kopo. Lilikuwa tupu, chai ya Jumatano ndiyo iliyolimaliza. Akafungua kifurushi kipya kilichokuja wiki ile. Karafuu ipo, iliki ipo, tangawizi ipo, pilipili manga ipo. Mdalasini hakuna. Alikung'uta karatasi, akapekua sanduku, akapekua mpaka mfuko wa kanzu ya baba. Hakuna.

"Mama Holo anaijua ladha," akasema, akijisemea mwenyewe. "Atasema nimebadilisha. Yarabi, watasema nimebadilisha." Akachukua ndoo akaenda lamboni kuteka maji, akaniachia tangawizi niitwange.

Nilibaki mimi na kinu. Natwanga, machozi yanadondokea kwenye tangawizi, nayafuta. Nilipoinua uso nifute pua, nikaona mzigo wa Bibi.

Juu ya chumba cha Bibi, kwenye boriti, kulining'inia magome ya miti aliyotoka nayo Bukundi, yamefungwa kwa kamba ya katani. Moja lilikuwa jekundu, jembamba, limejikunja. Lilikuwa mdalasini mtupu! Ndivyo nilivyoona. Kwa akili yangu gome ni gome, na mama mwenyewe alishaniambia kwamba mdalasini ni gome la mti. Nikasema, kumbe tunao ndani ya nyumba. Kwenda kumwomba Bibi kitu kwa ajili ya wa Pwani, hilo sikulifikiria hata kidogo, jibu nililijua. Nikapanda juu ya kigoda chake, nikavunja kipande cha urefu wa mkono wangu, nikakitwanga pamoja na tangawizi mpaka kikawa unga laini. Kilikuwa na ukakasi kidogo puani. Karafuu itaufunika, nikajiambia, kama mtu mzima.

Mama hakuambiwa. Nilitaka kumwambia jioni, watu wakishaondoka na Mama Holo akishasema chai ni ile ile. Alirudi, akachanganya kila kitu bila kutazama, macho yake yalikuwa mbali sana. Akajaza kopo, akalifunika, akatandika mkeka akaswali. Nami nilikaa pale nimevimba kwa furaha. Nilijiona nimemwokoa mama yangu!

Furaha hiyo ilidumu mpaka alasiri ilipokaribia.

Mmoja wa ng'ombe wa Bibi alikuwa na kidonda cha kwato. Bibi aliingia chumbani, akashusha mzigo wake, akatoka na gome jekundu mkononi. Akaligeuza upande huu na upande huu.

"Kabula. Nani kagusa gome langu?"

"Sijui, Bibi."

"Limevunjwa. Hili si kitu cha kuchezea, ng'wanone, mwanangu." Alisema taratibu, hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Hili huchemshwa likaoshea kidonda, funza wanaanguka wenyewe. Tumboni haliingii. Kule Bukundi ndama wangu alilamba ndoo iliyokuwa na maji yake. Jioni hakuiona."

Bibi akanitazama kidogo, akaenda zake zizini.

Nilitoka mbio kwenda kwenye kopo. Nilitaka kulimwaga, kulitupa, kulitumbukiza chooni. Mama alikuwa ameshalitoa uani! Mke wa Balozi na wanawake wengine wawili walikuwa wamefika mapema, wamekaa juu ya vigoda walivyokuja navyo, macho yao yako kwenye kopo lile. Maji yalishachemka. Nikaona kijiko cha mama kinaingia, kinatoka kimejaa unga, kinamwaga. Nilichelewa hatua kumi tu, wanangu. Hatua kumi.

Na sasa nawaulizeni, ningefanya nini? Ningepiga kelele, "Mama, usinywe, kuna sumu!" Watu wangesema nini? Si ndicho walichokuja kukitafuta? Mtoto wake mwenyewe amesema. Ningenyamaza, mama anakunywa. Nilisimama katikati ya mambo hayo mawili na miguu yangu haikutaka kwenda upande wowote.

Ua ulijaa. Balozi Sayi alikaa mbele, bakora magotini. Mama Holo alikaa karibu yake, uso umemvimba kwa kukesha. Baba alisimama nyuma kabisa, kama mtu aliyekuja kwenye shauri la mtu mwingine. Bibi alikuja wa mwisho, akaweka kigoda chake pembeni, mbali na mama, akaketi.

Sukari ya mwezi mzima mama aliimimina yote kwenye sufuria. Watu walimeza mate, hata waliokuja kumhukumu. Harufu ikapanda. Mama Holo akainusa, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo ile," akasema.

Mama akamimina kikombe cha bati. Akakishika kwa mikono miwili, akakileta karibu na uso, akasimama hapo hapo. Mvuke ulimgonga puani. Nilimwona akifumba macho. Nilidhani anasoma dua. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Balozi akakohoa na kusema, "Tunasubiri, mama."

Nikahisi kitu cha moto kinateremka miguuni mwangu. Nilikuwa najikojolea, mtoto wa miaka tisa, mbele ya kijiji. Sikutazama chini. Nilimtazama Bibi, sijui kwa nini yeye, na Bibi alikuwa ameshanitazama zamani. Macho yake yalishuka kwenye miguu yangu, yakaja usoni, yakaenda kwenye kikombe. Halafu yakatulia. Nikajua amejua.

Mama akakiinua kikombe. Bibi akanyanyuka.

"Lete hapa," akasema.

Mama hakuelewa. Hakuna aliyeelewa. Bibi alitembea na fimbo yake mpaka katikati ya ua, akakitoa kikombe mikononi mwa mama kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, pole pole, ukiogopa kumkata.

"Mama, tumekubaliana ni yeye," Balozi akasema.

"Balozi, kaya hii ni ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Kwa nani mlikuja kukaa?"

"Kwako."

"Basi kwetu mwenye kaya ndiye anayeonja. Au mila mmeziacha huko mlikotolewa na malori? Huyu ni mtoto wangu. Mtoto akipika, mama yake ndiye anaonja kwanza." Akakinywa. Alikinywa chote, chai ya moto vile, bila kukiondoa mdomoni, koo lake jembamba likipanda na kushuka. Akakigeuza juu chini ili kila mtu aone. Kisha akainua fimbo yake, akaisukuma sufuria kutoka kwenye mafiga, chai yote ikamwagika majivuni.

"Yee! Sukari!" mtu akapiga kelele.

"Ndiyo, sukari," Bibi akasema. "Sukari yangu haitanywewa na watu waliokuja kumtukana mkwe wangu. Mmesema mtakaa mpaka jua lizame mtazame mtu akifa. Haya, nitazameni mimi."

Wanangu, jua la siku ile sijapata kuona jua zito namna ile. Lilikuwa limekwama. Bibi alirudi kwenye kigoda chake, akaniita, "Kabula, njoo uketi miguuni kwangu, na uniletee maziwa ya mgando." Nikamletea kibuyu. Akanywa, akanywa tena, akakimaliza, watu wanaona mzee ana kiu. Akaanza kupiga hadithi. Alimsimulia Balozi habari za fahali mmoja wa babu yangu aliyekuwa akiogopa kuku, na watu wakacheka kwa kujizuia, wakasahau walichokuja kufanya. Mimi sikucheka. Mkono wake ulikuwa umelala begani kwangu, na vidole vilikuwa vinaingia nyamani. Kila tumbo lilipomkata, vidole vilijua kabla ya uso. Jasho lilimtoka kwenye paji, akalifuta kwa ncha ya kaniki akalaumu joto. Mara moja alinyamaza katikati ya neno, midomo ameibana, shingo imekakamaa. Nikahesabu moyoni moja mpaka kumi na saba. Akameza. "Basi fahali yule," akaendelea, "alipomwona jogoo..."

Jua likazama. Balozi akasimama, akakung'uta suruali. "Tumeona," akasema. Akamshukuru, "Wabeja, mama." Wakaondoka mmoja mmoja na vigoda vyao, wengine wakiangalia majivu kwa masikitiko. Mama Holo alipita bila kutema mate.

Alipotoka wa mwisho, Bibi alinishika mkono tukaenda nyuma ya zizi. Hapo alianguka kwa magoti. Sitawaelezea yote yaliyotoka. Nilimshika paji la uso kwa viganja viwili kama mama alivyokuwa akinishika mimi nikiugua, na nilikuwa nalia, "Bibi, ni mimi, Bibi, ni mimi, nilidhani ni mdalasini."

"Najua," akasema alipopata pumzi. "Nyamaza. Umeshaniambia, inatosha. Mwingine usimwambie, hata mama yako, hata baba yako. Watu wakijua lilikuwamo, hawatauliza nani alitia. Watasema ni yeye tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Siku nne hakutoka chumbani. Aliwaambia watu amekula karanga mbichi nyingi, uroho wa uzee. Mama alimpikia uji, akaufikisha mlangoni, akaniambia, "Mpelekee." Hakuingia hata siku moja. Nilidhani anamwogopa tu, kama siku zote. Mzee Ng'wandu naye alipona wiki ile ile, na ikaja kujulikana kwamba kabla ya kupita kwetu Jumatano ile alikuwa ametoka Nyalikungu kwa shemeji zake, ambako walimnywesha gongo tangu alfajiri. Mama Holo alikuja kuomba radhi, akaomba na chai.

Bibi aliishi miaka tisa tena. Mambo mawili niliyaona katika miaka hiyo, kila siku, na sikuyaunganisha.

La kwanza, Bibi alikuwa mtu pekee kijijini kote aliyepokea chai ya mama bila kusubiri mama aionje. Mama alishajifunza, alikuwa anaonjea kila mtu. Akikaribia kumwonjea Bibi, Bibi alishakichukua kikombe na kunywa. Nilisema moyoni, bibi huyu ana uroho wa chai. Hata kuna siku, mama akitwanga, Bibi alisogeza kigoda karibu na kinu akasema, "Nifundishe basi, kipi kinaanza?" Mama akafunika kopo. "Siku nyingine, mama," akasema.

La pili, mama hakula chochote kilichopikwa na Bibi. Bibi akisonga ugali, akatenga na mlenda au maziwa, alimega tonge moja akala mbele ya mama, kisha akausukuma ungo upande wake. "Kula." Mama akasema, "Nimeshiba, mama." Miaka tisa. Ugali unapoa, Bibi anautazama, kisha ananiambia mimi nile.

Bibi tulimzika bila mimi kusema neno. Nilitimiza ahadi yangu, nikajisifu kwa hilo. Nikaolewa, nikazaa. Siku moja mama alikuja kwangu hapa Bariadi, mzee tayari, akakaa uani anamwonyesha binti yangu namna ya kutwanga viungo. Alipofika kwenye mdalasini akaunusa, akasema kwa sauti yake ile ya chini, kama mtu anayesema habari za mvua, "Chunga sana pua yako, mjukuu wangu. Pua iliniambia siku bibi yake mama yako alipotaka kuniua."

Nilikuwa naanua nguo. Zikaniponyoka.

"Mama, unasema nini?"

"Siku ya kikao. Ulikuwa mdogo wewe. Niliinusa kwenye mvuke, dawa yake ya kuoshea ng'ombe. Nani mwingine alikuwa nayo? Nikasema nisiponywa nitaondoka nikuache, nikinywa nitakufa nikuache. Nikaona bora ninywe. Halafu Mungu akamgeuza moyo dakika ya mwisho, akaja akanywa mwenyewe. Nilimsamehe. Lakini nilimchunga mpaka alipokufa."

Nilikaa chini mavumbini nikamwambia. Gome, kigoda, kinu, miguu yangu iliyolowa, nyuma ya zizi, yote. Nilisema haraka, na nikisema nilikuwa namwona Bibi na ungo wake wa ugali. Alijua. Mwanamke yule hakuwa mjinga, alijua kabisa mama anadhani nini, na neno moja tu lingemsafisha. Neno lile lilikuwa jina langu. Mimi mwenye jina, niliyeweza kulitoa, nilikuwa nakula ugali ule na kushiba.

Mama hakunikemea. Mchi ulikuwa bado mkononi mwake. Alitazama ndani ya kinu muda mrefu sana, mpaka binti yangu akaniuliza kwa macho kama kuna mtu amekufa.

"Ule ugali," mama akasema mwishowe. "Alikuwa anauonja kwanza?"

"Alikuwa anauonja, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akauweka mchi chini.

"Na mimi namwambia nimeshiba," akasema.